Kidirisha Kisichokuwa Kwenye Mchoro

Shemeji yangu, yaani mume wa dada yangu mkubwa, aliwahi kulitupa behewa zima la abiria kwenye pipa la taka kwa sababu ya vishikio vya milango. Vilikuwa vimezidi unene kwa nusu milimita. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, na nikamwambia pale pale kwamba akili zake hazijatimia. Akanijibu kwa upole, "Shemeji, nusu milimita hapa mezani ni sentimita nzima kwenye behewa la kweli. Mkono wa mtu wa kawaida ungeshikaje kishikio kinene namna hiyo?" Nikamwuliza ni nani huyo wa kawaida atakayepanda treni inayolala juu ya meza. Hakucheka. Kwenye mambo ya mabehewa shemeji hakuwa na utani, na mimi bila utani siishi, kwa hiyo tulikaa nyumba moja miaka kumi na minne tukirushiana maneno kila uchao.

Treni zake hazikuwa za kuchezea. Ukimwambia ni za kuchezea ananuna mpaka jioni. Alizitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi, bati la makopo na nyuzi za shaba, na kila kitu alikipunguza mara ishirini, si zaidi wala si pungufu. Behewa la mita kumi na nane na nusu lilitoka mezani kwake likiwa na sentimita tisini na mbili na nusu. Treni ndogo zinazouzwa madukani alizidharau kupita kiasi. Alinionyesha moja kwenye kitabu cha picha, nikasema mbona nzuri. "Nzuri nini? Wamelikata behewa mita tatu nzima ili lipite kwenye kona za meza. Hesabu madirisha. Saba! La kweli lina tisa. Abiria wa madirisha mawili wameenda wapi?" Alivyouliza, ungedhani kuna watu wamepotea kweli na ndugu zao wanawatafuta.

Kazini walimwita Rula. Miaka thelathini na mitatu alikaa kwenye ofisi ya michoro ya karakana ya reli, na nataka mtu alielewe hili tangu mwanzo, maana ndilo lililotuponza. Shemeji hakuwa mtu wa nyundo. Alikuwa mtu wa karatasi. Kila behewa lilikuwa na mchoro wake, na sheria ilikuwa moja: huhamishi kiti, hutoboi tundu, huongezi hata ndoano ya kutundikia koti kabla mchoro haujarekebishwa na kutiwa sahihi. Mingi aliichora kwa mkono wake, yote aliitunza. Alipostaafu alipewa nakala za mabehewa ya abiria, akazileta nyumbani zikiwa zimeviringishwa vizuri kwenye mabomba ya plastiki. Kwake yeye, kama kitu hakimo kwenye mchoro, hakipo. Hakuwa akibisha kwa kiburi. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Dada yangu alikuwa upande wa pili wa reli hiyo hiyo. Alikuwa mhudumu wa behewa la daraja la pili, namba 2214, kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda, kuamsha abiria kabla ya kituo chao, kusuluhisha wanaogombea kitanda cha chini, na kutafuta viatu vilivyopotea. Alimjua abiria mkorofi kwa namna anavyofunga mlango. Shemeji alikutana naye siku aliyopanda behewa lake kuhakiki kipimo fulani, akiwa na futi mkononi na penseli sikioni. Dada akamsimamisha mlangoni: "Kama umekuja kupima, vua viatu. Nimetoka kupiga deki." Akavua. Dada alikuwa akipenda kusema kwamba aliolewa na soksi kwanza, mtu akafuata baadaye.

Hawakujaliwa watoto. Mimi nilipofiwa na mume wangu, dada alinipa chumba cha nyuma nikaweka cherehani yangu, na haukupita muda nikajikuta nimeajiriwa bila kuombwa. Nilishona mapazia ya behewa yenye upana wa kidole kimoja. Nilishona vitambaa vya viti. Siku moja nilifumuliwa pazia kumi na nane kwa sababu mikunjo ilikuwa saba badala ya minane. Nilitukana kimoyomoyo na kwa sauti pia. Dada akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mdogo wangu, shona tu. Mimi mbona nimekunjwa mikunjo minane na sijalalamika."

Halafu dada akaanza kupotea. Mwanzoni tulidhani ni uchovu. Alitia birika kabatini katikati ya nguo. Aliniita kwa jina la mama yetu, akajirekebisha, wiki iliyofuata hakujirekebisha. Tukampeleka hospitali. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, akatueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, hauponi, utakwenda mbele kidogo kidogo. Akatushauri mambo mawili. La kwanza, tumsaidie kushika mambo ya kweli: siku, mwezi, watu, mahali. La pili, tuwe na daftari tuandike anachokosea na tarehe yake. Nilimtazama shemeji. Alikuwa tayari ametoa penseli.

Daftari lile alilipiga mistari kwa rula. Tarehe, saa, alichosema, kilicho kweli. Ningeweza kumcheka, lakini niliona alivyoikandamiza penseli mpaka ncha ikakatika, nikaenda zangu kuteka maji.

Mwaka huo huo chama cha wastaafu wa reli kikamwomba awatengenezee treni ya mabehewa matano, ikae ndani ya kabati la kioo kwenye ukumbi wa stesheni ya zamani. Alikubali kabla hawajamaliza kusema. Manne aliyatengeneza kwa mwaka mmoja na miezi. La tano alilichagua mwenyewe. "Litakuwa 2214," aliniambia asubuhi moja akinoa kisu chake. "Litakuwa sahihi kabisa, shemeji, mpaka ndoano ya taulo. Mengine yote yatampotea. Mimi atanisahau, daktari kasema. Lakini akiliona hili atalijua. Nataka kibaki kitu kimoja anachokijua." Aliinama akaendelea kunoa. Kuanzia siku ile sikufumua pazia kwa kinyongo tena.

Basi dada akawa anakaa naye mezani kila asubuhi, na siku za mwanzo zilikuwa siku za heri. Alikuwa hajui leo ni Jumatatu au Ijumaa, lakini ukimwuliza vyumba vya behewa lake vilikuwa vingapi, anakujibu kabla hujafunga mdomo: saba, na kile cha saba mlango wake ulikuwa unakwama. Mashuka yanakaa wapi? Kabati la juu, karibu na choo. Shemeji anafungua mchoro, anafuata kwa kidole, anakuta ndivyo. "Yuko sawa!" ananiita toka chumba cha mbele. "Shemeji, njoo uone, yuko sawa!" Nilikuwa naacha kazi kwenda kuona mchoro ambao sikuuelewa hata mstari mmoja, kwa ajili tu ya kuwaona wale wawili walivyofurahi.

Siku aliyolaza ukuta wa ubavuni mezani, tayari kukata madirisha, nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Dada akaweka kidole kwenye plaiwudi.

"Na kidirisha changu?" akauliza.

"Kidirisha gani?"

"Cha chumbani kwangu. Pale juu ya kiti. Kidogo, hivi." Akaonyesha kwa mikono, kama ukubwa wa sahani. "Nilikuwa nakupungia pale. Tukipita ofisini kwenu."

Shemeji akafungua mchoro. Chumba cha mhudumu kilikuwa mwishoni mwa behewa, kidogo, kimebanwa kati ya choo na tangi la kuchemshia maji. Akapitisha kidole. "Hapa ni ukuta, mke wangu. Toka hapa mpaka hapa, ukuta. Labda ulikuwa unanipungia kwenye dirisha la korido."

"Korido ilikuwa upande mwingine. Ofisi yenu ilikuwa upande huu."

"Mkienda au mkirudi?"

"Tukienda."

"Na behewa liligeuzwa au halikugeuzwa?"

Dada akakunja uso. Aliangalia mchoro, akaangalia mikono yake. Maswali yalikuwa yamemzonga. "Nilikuwa nakupungia," akasema tena, kwa sauti ndogo.

Mimi sijui kujizuia. "Kwani wewe hukumwona akipunga?" nikamwuliza shemeji.

"Nilikuwa kazini," akajibu, na akaandika kwenye daftari. Safu ya tatu: kidirisha. Safu ya nne: ukuta.

Dada hakuacha. Alikuwa amesahau jina la mtaa wetu, alikuwa amesahau kwamba mume wangu amekufa na alikuwa akiniuliza mbona harudi, lakini kidirisha alikishikilia kufa kupona. Nilikuja kuhesabu baadaye kwenye daftari: mara kumi na moja. Mara ya tisa alilia. Alipiga meza kwa kiganja akasema, "Mnaniambia nina wazimu! Nilikuwa mle ndani miaka yote, nyinyi mlikuwa wapi?" Shemeji akamshika mkono, akaupitisha juu ya mstari wa wino. Ukuta, mke wangu. Ona. Ukuta. Ukuta.

Nitasema haki yake, ingawa nina hasira mpaka leo. Hakuwa akimtesa. Daktari alisema ashikishwe mambo ya kweli, na kwa shemeji hakukuwa na jambo la kweli kuliko mstari aliouchora mwenyewe akiwa na miaka ishirini na sita. Aliona kidirisha kile ndicho ugonjwa wenyewe, umeingia kwenye behewa lao, mahali pekee alipodhani haungefika, na akaamua kuung'oa. Kila asubuhi baada ya chai alimwuliza: leo siku gani? Mwezi gani? Chumbani kwako kulikuwa na dirisha? Dada alijibu kama mwanafunzi anayeogopa fimbo. Siku na mwezi alikosea. Lile la tatu alikuwa akikaa kimya, akiangalia chini.

Mpaka ikafika asubuhi moja akainua kichwa akasema, "Hapana. Hakukuwa na dirisha. Ukuta mtupu."

Shemeji alikuja mbio chumbani kwangu, machozi yamemlenga. "Ameshika!" akasema. "Shemeji, ameshika!" Nami, mwenye mdomo usiojua kufungwa, siku ile niliufunga. Nilikuwa nimeuona uso wa dada kupitia mlango uliokuwa wazi. Hakuwa na uso wa mtu aliyekumbuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu akaamua yaishe. Nililiona hilo na nikanyamaza, nikarudi kwenye cherehani. Hiyo ni dhambi yangu, sitamtupia mtu mwingine.

Baada ya hapo hakuja tena mezani. Ukimwita anasema amechoka. Behewa lilikamilika bila yeye, zuri ajabu, na ndoano ya taulo ikiwa mahali pake. Alipoonyeshwa alisema, "Limependeza, hongera," kama unavyompongeza jirani aliyepaka rangi geti lake.

Treni ikawekwa kwenye kabati la kioo stesheni, na wastaafu wakaalikwa kuja kuitazama Jumamosi asubuhi. Dada tulimwacha nyumbani na jirani. Wazee walikuja na fimbo zao na miwani yao, na ubishi wao pia. Mmoja alihesabu taa. Mwingine aliinama mpaka goti likalia akakagua magurudumu. Walitafuta kosa kwa bidii na hawakulipata, na shemeji alisimama pembeni mikono nyuma, akijifanya hasikii sifa.

Ndipo akaja mzee mmoja mfupi, mpana, aliyekuwa fundi wa bati kwenye karakana ndogo ya mwisho wa reli, kule treni ilikokuwa ikigeuzia. Hawakuonana na shemeji miaka mingi. Alizunguka kabati, akasimama mbele ya 2214.

"Rula," akasema, "mikono yako haijazeeka hata kidogo. Ila umesahau kidirisha."

Shemeji akasema kidirisha gani, kwa sauti ile ile aliyomwulizia dada.

"Cha mhudumu. Hapa." Fundi wa bati akagusa kioo. "Nilikikata mimi kwa mkono wangu. Tangi la maji lilikuwa nyuma ya kiti chake, chumba kilikuwa tanuri. Mkeo alikuwa akifika kwetu amelowa jasho kama aliyenyeshewa. Akatuomba jamani nitoboleeni hata tundu. Tukamwambia aandike barua ofisini. Akasema nikiandika barua nitastaafu haijajibiwa. Basi, mchana mmoja treni ikisubiri kugeuza, tukakata."

"Mchoro haukubadilishwa," shemeji akasema.

"Mchoro! Wee! Tungeandika tungefukuzwa sote. Tulimlisha yamini asimwambie mtu, na zaidi ya wote asikwambie wewe, maana tulikujua." Mzee akacheka kwa furaha, hakujua anachofanya. "Alicheka yule! Akasema sawa, mume wangu simwambii. Nitakuwa nampungia tu tukipita pale ofisini, siku akiinua kichwa ataona mwenyewe. Sasa mwenyewe yuko wapi? Mbona hukuja naye?"

Mimi ndiye niliyesema anaumwa, nikamshika shemeji kiwiko nikamtoa nje.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kuliona behewa la kweli. Fundi wa bati alitwambia limeachwa na mengine kwenye reli ya pembeni isiyotumika, nje kidogo ya mji. Lilikuwa limezama kwenye majani mpaka kwenye ngazi. Namba ilikuwa bado inasomeka. Na kwenye ubavu, pale mwishoni, pale pale dada alipoweka kidole chake, kulikuwa na kidirisha. Kioo kilikuwa kimevunjika, lakini fremu ya bati ilikuwepo, imeungwa kwa ribiti nane, zile pini za chuma zilizopondwa vichwa.

Shemeji alitoa futi. Nilitaka kumnyang'anya niitupe majanini. Alipima nje, akapanda akapima ndani, akasoma kwa sauti kana kwamba kuna mtu anaandika: sentimita thelathini na mbili kwa ishirini na sita. Kisha akakaa kwenye kiti cha dada. Rangi ya ukingo wa chini wa kidirisha ilikuwa imelika upande mmoja, mpaka bati linang'aa. Aliweka kiwiko chake pale, kikaenea.

"Treni ilikuwa inapita saa nne na robo," akasema. "Jumatatu na Alhamisi. Nilikuwa nasikia honi. Meza yangu ilitazama ukutani, mwanga ulikuwa mzuri zaidi ukitoka nyuma." Nikamwona anapiga hesabu, maana huyo ndiye yeye, hata moyo ukivunjika anapiga hesabu. "Fundi kasema kidirisha kilikatwa mwaka wake wa nne. Miaka kumi na mitano. Ni kama mara elfu moja na mia tano, shemeji. Sikugeuka hata mara moja."

Nilikuwa na maneno tele. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, makali, ya kumpasha mpaka ajute kuzaliwa. Nilimwangalia mzee yule amekaa kwenye kiti cha mke wake na futi mapajani, nikayatupilia mbali yote. Nikakaa kwenye ngazi ya behewa nikalia, naye akalia mle ndani, kila mtu peke yake.

Alichofanya baadaye kilikuwa chepesi kwa mikono yake. Alilichukua behewa stesheni, akalileta nyumbani, na kwa siku mbili akakata kidirisha: milimita kumi na sita kwa kumi na tatu, fremu ya bati la kopo, vichwa vya ribiti nane ambavyo mimi sikuviona mpaka alipovipaka rangi. Alichukua lile daftari, akatafuta zile sehemu kumi na moja, na kwenye safu ya nne akafuta neno ukuta moja moja, akaandika: Kweli. Kosa langu. Aliniomba nimvishe dada gauni lake la bluu. Alikuwa na matumaini, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Aliamini kwamba kosa likirekebishwa, kitu kinarudi kuwa sahihi.

Dada alikuwa amekaa karibu na mlango, kwenye jua la saa tano. Shemeji akaweka behewa mbele yake kwenye kistuli, akapiga magoti, mzee wa miaka sabini na mbili.

"Tazama, mke wangu," akasema. "Kidirisha chako. Kilikuwepo. Ulikuwa sawa siku zote, mimi ndiye niliyekosea."

Dada aliinama akatazama. Alitazama muda mrefu, nikaona midomo yake inatikisika, nikasema moyoni, Mungu wangu, amekijua. Kisha akaanza kutikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Hapa hapakuwa na dirisha. Ni ukuta mtupu."

"Lilikuwepo. Nimeliona kwa macho yangu. Nimekaa pale."

"Hapana, hapana. Mimi pia nilikuwa nadhani hivyo, nilikuwa nasema ovyo. Mume wangu amenieleza vizuri." Akaangalia mlangoni, wasiwasi umemjaa usoni. "Yeye ndiye aliyechora. Akirudi akakuta tundu hili atahuzunika sana. Atasema nimeanza tena."

"Mimi ndiye mumeo," shemeji akasema. "Nitazame. Ni mimi."

Dada akamtazama kwa adabu, kama alivyokuwa akimtazama abiria aliyeshuka kituo sicho. Akampapasa bega. "Pole, fundi. Kila mtu hukosea. Ziba tu kabla hajarudi." Shemeji hakusogea, na dada akazidi kuhangaika, akanyoosha mkono akakifunika kidirisha kwa kidole gumba, akakibana kwa nguvu zake zote, kidole kikawa cheupe. "Jamani zibeni," akaniambia mimi sasa, machozi yanamtoka. "Zibeni, nawaomba."

Nilisema, "Dada, acha, hakuna atakayekukasirikia." Hakunisikia. Nilijaribu kumwondoa kidole, akanisukuma.

Shemeji aliinuka. Alikwenda mezani kwake akarudi na kopo la puti ya mbao, ile ya kuzibia matundu, na kisu bapa. Akapiga magoti tena, akasubiri mpaka dada alipoondoa kidole mwenyewe. Kisha mtu huyu, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuacha kosa likae juu ya meza yake hata usiku mmoja, akakijaza kidirisha puti, taratibu, tabaka kwa tabaka, akasawazisha kwa kisu, akapangusa kingo kwa kitambaa. Dada alikuwa ameinama karibu naye akifuatilia, pumzi zikimrudi kidogo kidogo, na ukuta ulipokuwa ukuta mtupu akaegemea kiti na kutabasamu.

"Sasa atafurahi," akasema.

"Ndiyo, mama," shemeji akamjibu. "Atafurahi."